Umeokota jiwe unahisi ni mfupa wa dinosaria? Soma hapa kabla hujalibeba

Watu wakishajua tu unapenda mambo ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyobaki kwenye miamba, basi, kila ukikaa nao lazima mmoja atoe simu. "Hebu cheki hii, imetoka shambani kwa bibi, si yai la dinosaria hili?" Na ntasema ukweli, mara nyingi ni jiwe. Jiwe zuri, la duara, ila jiwe. Mi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, nikiwa fom tuu nilitoka na moja Kilwa, zito kama tofali, nimelifunga kwenye kitenge cha mama ndani ya begi, nikaenda kulipasua kwa nyundo nyuma ya jiko nikitegemea kumkuta mtoto wa dinosaria kajikunja, nikakuta udongo uliogandana tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kitenge chenyewe kilichanika, hiyo kesi ni nyingine.

Ila kuna mara chache sio jiwe, na hizo ndo zinauma, maana mtu anakuwa ameshalibeba, ameshalisugua na brashi ya waya, ameshampa mtoto achezee, na ukimuuliza ulilitoa wapi hasa anakwambia "kule kule bondeni". Kwahiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye yupo mtoni au shambani au kwenye machimbo ya kokoto sasa hivi, kitu kiko chini ya miguu na mikono inamuwasha.

HATUA YA 1: Usikiokote

Najua, ngumu. Ila elewa kwanza kwanini. Mfupa hauna mwaka uliochongwa juu yake, na ukiubeba mezani peke yake hata mtaalamu wa kweli anaweza kukosa la kusema kuhusu umri. Umri unatoka kwenye tabaka la udongo au mwamba ambalo mfupa umelalia. Lile fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona Olduvai Julai 1959, unadhani lilipimwa fuvu? Hapana. Yalipimwa majivu ya volkano yaliyotandazwa kwenye tabaka lile lile, majibu yakatoka 1961, kama miaka milioni 1.75, dunia ikashika kichwa maana hamna aliyekuwa anategemea umri mkubwa kiasi hicho. Sasa fikiria kuna mchunga ng'ombe alikuwa amepita mwaka 1958 akaliokota akaliweka dirishani kwake. Tungekuwa na fuvu la ajabu, basi, na mabishano yasiyoisha.

Na mabishano ya hivyo yameshatokea pale pale Olduvai. 1913 Mjerumani mmoja, Hans Reck, alikuta mifupa ya mtu mzima kabisa ndani ya tabaka la zamani sana, akatangaza kwamba huyu ni binadamu wa kale mno. Watu wakabishana karibu miaka 20, Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary, akaja kumuunga mkono kisha ikabidi arudi nyuma. Kumbe lilikuwa kaburi! Yule mtu alizikwa baadaye sana, waliomzika walichimba shimo likaingia kwenye tabaka la kale, mifupa ikaja kupimwa ikaonekana ni ya kama miaka 17,000 tu. Kwahiyo hata mabingwa wanaweza kudanganywa na mahali kitu kilipolala, na ukikinyanyua wewe unafuta hata ushahidi wa kuwasahihisha.

Upande wa pili kuna Kamoya Kimeu, Mkenya, huyu kwangu mi ndo fundi wa mafundi. 1984 kule Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, siku ya mapumziko wenzake wanafua nguo yeye anatembea tembea zake, akaona kipande cha fuvu kidogo tu, rangi sawasawa na kokoto zilizokizunguka. Mimi na wewe tungekikanyaga. Yeye akajua ni nini, na kwakuwa sehemu ilijulikana wakaja kuchimba na kuchekecha ule udongo kwa misimu kadhaa, kikatoka karibu kiunzi chote cha kijana mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, yule wanamuita Kijana wa Turkana. Angekitia mfukoni akaondoka nacho, ndo ingekuwa imeisha hapo.

Kitu pekee kinachoruhusu kunyanyua ni kama kinaenda kupotea kweli, mfano mto unakuja juu au katapila liko mita mbili na dereva hana habari na wewe. Hapo fanya hatua ya 2 haraka kisha ndo ukitoe.

HATUA YA 2: Picha, na sio picha moja

Piga kwanza ya mbali, ionyeshe korongo lote au ukingo wote wa mto, kisha sogea, kisha karibu kabisa. Kila picha ya karibu iwe na kitu cha kupimia ukubwa pembeni: rula, kiberiti, sarafu ya mia mbili. Mkono wako haufai, mikono haifanani, nimeshaletewa "mfupa wa paja" uliokuwa na ukubwa wa kidole kwasababu ulishikwa na mtoto. Usimwagie maji ili uonekane unang'aa. Piga asubuhi au jioni jua likiwa limelala, vivuli vinatoa mistari na matundu ambayo saa sita mchana huyaoni kabisa.

Alafu fungua ramani kwenye simu, bonyeza pale uliposimama mpaka itoe zile namba, zihifadhi. Hamna mtandao? Simu nyingi zinashika tu namba hata bila bando, na ukishindwa kabisa andika kwa maneno: kutoka daraja la wapi, hatua ngapi, upande gani wa mto, kwenye udongo wa rangi gani, kilikuwa kimechomoza kwenye ukuta wa korongo au kimelala tu chini. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kilichochomoza ukutani bado kipo nyumbani kwake. Kilicholala chini huenda kimeletwa na maji kutoka juu huko, kwahiyo inua macho uangalie juu.

HATUA YA 3: Jiulize uko kwenye mwamba gani

Hapa ndo unaokoa muda. Kama uko Mwanza kwenye yale mawe makubwa kama lile la Bismarck, hiyo ni granaiti, ilikuwa uji wa moto chini ya ardhi ukapoa, hamna samaki wala mjusi aliyeweza kuishi humo, kwahiyo rudi nyumbani ukapumzike. Visukuku vinakaa kwenye miamba iliyotokana na mchanga, tope, chokaa au majivu yaliyotua taratibu na kufunika kitu kabla hakijaoza au kuliwa na fisi. Ndo maana maeneo yenyewe yanajulikana: Tendaguru kule Lindi, bonde la Ruhuhu kusini, Songwe karibu na Ziwa Rukwa, Olduvai na Laetoli, na kwa Kenya Turkana yote ile.

Na watu wa pwani wana bahati ya pekee ambayo hawaijui. Nenda Mji Mkongwe, au magofu ya Kilwa Kisiwani, au Fort Jesus pale Mombasa, sogeza uso karibu na ukuta sehemu ambayo lipu imebanduka. Utaona nyota nyota na vijumba vidogo vidogo kama masega ya nyuki. Hayo ni matumbawe. Jiwe la pwani tunalochimba kujengea ni mwamba wa matumbawe wa zamani, ulikuwa chini ya maji bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na sehemu kama Mombasa una zaidi ya miaka laki moja. Yaani kuna watu wanasafiri kutafuta visukuku na wamelala ndani ya ukuta wa visukuku. Ukitaka kuzoesha jicho anzia hapo, hamna atakayekukamata kwa kuangalia ukuta (wanaweza kukushangaa tu).

HATUA YA 4: Sasa kikague

Nunua mfupa wa supu. Sitanii. Uliopasuliwa na shoka la bucha, angalia ndani: nje gamba gumu limebana, katikati vitundu vitundu kama sifongo. Mfupa uliogeuka jiwe mara nyingi unabaki na umbo hilo hilo, ila uzito ni wa jiwe na rangi ni ya ule udongo, kahawia, nyeusi, hata nyekundu. Ukiona kitu kina umbo la mfupa lakini palipovunjika ni jiwe tupu, punje zile zile nje mpaka ndani, hilo ni jiwe lenye bahati ya sura.

Kuna mtihani wa ulimi, utausikia kwa wazee wa kazi. Unagusisha ulimi, mfupa wenye vitundu unanata kidogo, jiwe la kawaida halinati. Upo kweli na wataalamu wengine huufanya porini, ila mi siupendi, hujui ng'ombe gani alipita hapo, na jiwe la chokaa laini nalo linanata kwahiyo haukuthibitishii kitu. Wa kuchoma moto usifanye kabisa. Ni kweli mfupa mpya ukiuchoma unanuka nywele zilizoungua na wa kale haunuki, lakini umeuchoma sasa! Siki vile vile, chokaa inatoa povu, na kama kisukuku chako ni cha chokaa unakiyeyusha mwenyewe huku unaangalia.

Wadanganyifu wakubwa ni hawa:

Mayai. Mawe ya duara yanayojitengeneza yenyewe kwa madini kugandana kuzunguka kitu kidogo, tabaka juu ya tabaka. Yai la kweli lina ganda, ganda lina unene unaoonekana pembeni na juu mara nyingi lina vijipele au vitundu vidogo sana. Hamna ganda, hamna yai, hata liwe na umbo zuri namna gani.

Majani ya mchoro mweusi ndani ya jiwe yanayofanana na mti wa krismasi. Madini ya manganizi yamepenya kwenye ufa yakajisambaza kama matawi, hakuna mmea hapo. Jani la kweli lina mshipa wa katikati na mishipa midogo yenye mpangilio.

Nyayo. Mwe! Kila mkoa una unyayo wa jitu. Unyayo mmoja peke yake kwenye jiwe gumu mara nyingi ni maji na upepo, wanyama hawatembei kwa mguu mmoja, tafuta wa pili na wa tatu.

Alafu sandarusi. Watu wa pwani wanaokota vipande vya njano vyenye mdudu ndani wanasema ni kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe, ya mamilioni ya miaka. Ni utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini, karne ya 19 ulichimbwa sana ukapita Zanzibar kwenda mpaka Salem kule Marekani kutengenezewa vanishi. Mzuri, mdudu ni wa kweli, ila umri wake ni mdogo sana ukilinganisha na kaharabu. Weka tone dogo la ile dawa ya kufutia rangi za kucha, kwenye kona sio katikati. Sandarusi inanata kidoleni, kaharabu ya kweli haishtuki.

HATUA YA 5: Uliza vizuri

Ukienda kwa mtu anayejua usianze na "hili ni jino la dinosaria au sio?" maana umeshajibu mwenyewe na unachotafuta ni mtu wa kukubaliana na wewe. Sema: nimekikuta wilaya fulani, kwenye ukuta wa korongo, udongo wa rangi hii, urefu sentimita kadhaa, picha hizi hapa pande zote. Basi. Unyamaze. Akikwambia ni jiwe muulize amejuaje, hilo ndo swali la kukujenga. Na zile namba za ramani mpe yeye tu, usizimwage hadharani, wapo watu wataamka alfajiri na sururu.

HATUA YA 6: Toa taarifa

Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya wana ya kwao ya 2006, na kwa kifupi huruhusiwi kuchimba bila kibali wala kupeleka nje ya nchi, na kuuza ndo kabisa. Anzia kwa mtendaji wa kijiji, mwambie unataka ifike wilayani na kwa watu wa Mambo ya Kale, Kenya ni Makumbusho ya Kitaifa. Itachukua muda. Mtendaji mmoja, simtaji, alinisikiliza dakika ishirini kisha akaniuliza kama hilo jiwe lina dhahabu. Nenda na picha zilizochapishwa kwenye karatasi, watu wa ofisini wanaheshimu karatasi, na uache jina na namba yako nyuma yake.

Na usikate tamaa na ukimya. Mifupa ya Nyasasaurus iliokotwa Ruhuhu miaka ya 1930, ikakaa kwenye makabati ya makumbusho nje huko, ikaja kupewa jina rasmi 2013. Inawezekana ndo dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ni ndugu yao wa karibu sana, bado wanabishana.

HATUA YA 7: Jiandae kubishana

Maana ukishasema tu neno dinosaria mezani, chai inapoa. Haya ndo utakayokutana nayo.

"Mjusi wa Tendaguru." Tumezoea kusema hivyo mpaka bungeni, mjusi wetu yuko Berlin arudishwe. Kuhusu kurudishwa kila mtu na msimamo wake, wangu ni kwamba hata kabla ya mfupa mmoja kurudi watoto wa Lindi wangefundishwa majina ya watu wao, kwa sababu ile mifupa, zaidi ya tani 200 kati ya 1909 na 1913, ilichimbwa na kubebwa na watu wa huku huku, safari ya miguu ya siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, na msimamizi mkuu upande wa Waafrika alikuwa Boheti bin Amrani. Ilibidi tusubiri mpaka 2007 ndo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ila mjusi? Hapana. Dinosaria wako karibu zaidi na mamba, na ndege ndo wazao wao kabisa, yaani kuku wa jana alikuwa na undugu naye kuliko mjusi wa ukutani.

Na yule dinosaria mrefu wa Tendaguru aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo mita 13.27, ni Brachiosaurus au Giraffatitan? Wajerumani 1914 walimuweka kundi moja na Brachiosaurus, mnyama aliyepatikana Colorado, Marekani, 1900. Baadaye watu wakaanza kuhoji, na 2009 uchambuzi wa mfupa kwa mfupa ukaorodhesha tofauti 26, kwahiyo wengi siku hizi wanasema Giraffatitan. Usigombane na mtu mzima aliyesoma zamani kwa hili, alifundishwa hivyo. Jina ninalolipenda mi ni la 2019, Mnyamawamtuka moyowamkia, kutoka mto Mtuka kule Songwe, ana mifupa ya mkia yenye umbo la moyo. Lisome tena taratibu. Ni Kiswahili kitupu, dunia nzima inalazimika kulitamka.

"Kama tumetoka kwa nyani mbona nyani bado wapo?" Kwanza nyani ni yule anayeiba mahindi, ndugu yetu wa karibu ni sokwe, na hata sokwe sio babu, ni binamu. Mimi na binamu yangu tuna babu mmoja, mimi kuwepo hakumzuii yeye kuwepo. Kama mtu hakubali kwa imani yake muache na imani yake, umemjibu swali aliloliuliza.

"Wamepima kwa kaboni, si wanasema kaboni inadanganya?" Kaboni 14 ni kaboni inayokuwa ndani ya kiumbe na kupungua taratibu akishakufa, kipimo chake kinafika kama miaka 50,000, baada ya hapo hamna kilichobaki cha kupima. Hakuna anayepima dinosaria kwa kaboni. Huyu mrudishe kwenye hatua ya 1, kwenye majivu.

"Silikanti ni kisukuku kilicho hai." Hii ya watu wa Tanga. Ni samaki, walidhani ameisha pamoja na dinosaria, akaibuka Afrika Kusini 1938, na kuanzia 2003 wavuvi wetu wakawa wanamtoa kwenye jarife mpaka ikaanzishwa hifadhi yake ya bahari. Jina tamu, ila wale waliogeuka visukuku sio yeye, ni jamaa zake, maumbo tofauti na ukubwa tofauti. Yeye ni samaki wa leo mwenye ukoo mkongwe.

Na ukibanwa na anayesema wataalamu wanabadilika badilika, mpe kisa cha Laetoli, jirani na Olduvai. 1976 jamaa wa timu ya Mary Leakey wanarushiana kinyesi cha tembo kikavu, mmoja anakwepa anaanguka, puani mwake nyayo za wanyama kwenye majivu yaliyogeuka jiwe. Mwaka huo huo zikaonekana nyayo tano ambazo wengine walisema ni za dubu, na 1978 zilipopatikana zile nzuri za zamadamu, za miaka milioni 3.66, hizo tano zikasahauliwa, zikafukiwa na udongo. Zaidi ya miaka 40 baadaye wakarudi, wakazifukua, wakazilinganisha na za dubu wa kweli, na 2021 wakasema sio dubu, ni za zamadamu aliyetembea kwa miguu miwili, tena tofauti na wale wengine. Waliweza kurudi kwasababu mwaka 1976 kuna mtu aliandika zilipo na hakuna aliyezing'oa.

HATUA YA 8: Rudi baada ya masika

Mvua ndo mchimbaji mkubwa kuliko wote, inakula kingo na kila mwaka inafunua kingine. Kwahiyo masika yakiisha rudi pale pale na picha zako za mwaka jana, simama ulipokuwa umesimama, piga kwa pembe ile ile, linganisha kipi kimeongezeka na kipi kimeondoka na maji. Beba maji ya kunywa na kofia, mwambie mtu nyumbani unaenda wapi, na ukikuta alama za kamba au vigingi vya watafiti zunguka mbali.